Kagera: Mto wa Milimani Wenye Somo la Baharini

Ukimwuliza mkazi wa Dar es Salaam ni wapi nchini panapofaa kwenda kujifunza habari za usalama wa majini, atakutajia Kigamboni, Tanga au Mtwara, ama atavusha mawazo yake hadi Unguja na Pemba. Hatakutajia Karagwe, wala hatakutajia Kyerwa. Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera ziko takriban kilometa 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, juu ya milima ya migomba na mibuni, ambako mtoto anaweza kukua, kuoa na kuzeeka bila kuonja maji ya chumvi.

Hata hivyo makala haya yanakualika huko. Safari yenyewe ni ya kuburudisha macho, lakini mwisho wake utakuwa umefika penye swali linalokuhusu wewe unayepanda kivuko kila asubuhi kwenda kazini, na wewe unayewapeleka watoto kijijini kwa meli wakati wa likizo. Swali hilo ni hili: chombo kikipinduka, ni nani mwenye elimu ya kutuokoa, na elimu hiyo huipata wapi?

NJIA YA KWENDA KARAGWE

Ukitoka Bukoba mjini unaliacha Ziwa Victoria nyuma yako na kupanda kuelekea magharibi. Barabara hukufikisha kwanza Kyaka, penye daraja la Mto Kagera. Simama hapo kidogo. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilibomoa daraja la Kyaka, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likalazimika kutandaza daraja la muda ili kuvuka na kuwatimua wavamizi. Kwa hiyo mto huu umeingia katika historia ya nchi yetu kama mto wa vita. Tutaona baadaye kuwa una vita vingine visivyopigiwa baragumu.

Kutoka Kyaka barabara ya lami huchepuka kwenda Karagwe. Unapozidi kupanda, hewa hubadilika na kuwa ya ubaridi. Nyumba zimejificha ndani ya migomba, na chini ya migomba imepandwa mibuni, kwa maana mkulima wa huku haoni sababu ya kuutenga mgomba unaomlisha na mbuni unaomsomeshea watoto. Wakati wa mavuno utaziona buni zimeanikwa uani, na mama mmoja akizigeuza kwa mguu huku akiwaangalia wajukuu. Ng'ombe wenye pembe ndefu hulishwa mabondeni. Wenyeji wa asili ni Wanyambo, nao husifika kwa upole wa salamu: mgeni husalimiwa kwa kituo, wala hakatizwi kama afanyavyo mtu wa mjini anayewahi basi.

Makao makuu ya Wilaya ya Karagwe ni Kayanga. Zamani makao ya utawala yalikuwa Bweranyange, kwa watawala wa ufalme wa Karagwe. Huko ndiko Mfalme Rumanyika alikompokea Mwingereza John Hanning Speke mwezi Novemba 1861, alipokuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke na mwenzake James Grant walikirimiwa vizuri, na Grant aliyekuwa akiugua mguu aliachwa auguzwe hapo wakati mwenzake akiendelea na safari. Wageni hao walihangaikia maji ya Nile, ilhali watu wa Rumanyika walikuwa wakiyavuka kwa mitumbwi tangu enzi za mababu zao.

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya ya peke yake. Ardhi yake ilijulikana kwa madini ya bati tangu wakati wa ukoloni, na leo hujulikana zaidi kwa kahawa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya sehemu hizi yalipandishwa hadhi, ndipo tukapata Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa na ile ya Rumanyika-Karagwe.

MTO MMOJA, NCHI TATU

Sasa tushuke mtoni. Kagera hauanzii hapa. Maji yake hutoka katika milima ya Burundi na Rwanda, huanguka kwenye maporomoko ya Rusumo, kisha huelekea kaskazini yakiwa mpaka kati ya Tanzania na Rwanda. Yanapofika pembe ya Kyerwa, mahali Mto Kagitumba unapoungana na Kagera, nchi tatu hukutana: Tanzania, Rwanda na Uganda. Kuanzia hapo mto hugeuka kuelekea mashariki, hupita Murongo ukiitazama Kikagati ya Uganda, hushuka hadi Kyaka, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Hakuna mto mwingine uingizao maji mengi katika ziwa hilo kuushinda Kagera. Kutoka ziwani maji hayo hushika njia ya Nile hadi Bahari ya Mediterania.

Ukiutazama juu juu, ni mto mtulivu. Umezungukwa na mafunjo, na mahali pengine umetanda katika vinamasi na maziwa madogo hata usijue ukingo uko wapi. Lakini utulivu huo ni wa kudanganya. Chini kuna mkondo wenye nguvu. Kuna viboko wasiopenda kushtuliwa, na mamba wasiochagua mvuvi wala mama anayechota maji. Ndani ya mto huo hupita mitumbwi ya watu wanaotafuta riziki: wavuvi, na watu wenye ndugu au soko ng'ambo ya pili. Mpaka wa kikoloni ulipita katikati ya maji, haukupita katikati ya udugu.

Yote yaingiayo katika mto huu hufika mbali. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, miili ya waliouawa ilichukuliwa na maji ya Kagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa ziwani, ambao hawakuwa na hatia yoyote, wakawa ndio wa kuiopoa na kuisitiri. Maelfu ya wakimbizi waliingia Kagera mwaka huo, na Karagwe ikawa miongoni mwa wilaya zilizowapokea. Hata gugumaji, lile jani lililoziba bandari na kunasa mitumbwi ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, lililetwa ziwani na mto huu. Mtu wa Mwanza anayedhani kuwa mambo ya Kyerwa hayamhusu na ayakumbuke hayo.

NENO MOJA, KAZI MBILI

Hapa ndipo elimu ya walinzi wa pwani inapoingia katika safari yetu. Duniani leo wako maofisa ambao, baada ya kulitumikia jeshi la majini, polisi wanamaji au idara ya ukaguzi wa meli, hurudi darasani kusomea shahada ya uzamili katika usalama wa bahari. Katika Kiingereza somo lao lina majina mawili yaliyotengana. La kwanza ni kumkinga msafiri na ajali: dhoruba, moto, meli kuelemewa, nahodha kuchoka. La pili ni kumkinga na watu wenye nia mbaya: maharamia, wasafirishaji wa magendo, magaidi. Vitabu ni tofauti, mikataba ni tofauti, na mara nyingi hata ofisi ni tofauti.

Sisi tuna neno moja tu: usalama. Watu wengine wataona kuwa huo ni umaskini wa lugha. Mto Kagera unaonyesha kuwa ni hekima.

Chukua mfano wa kahawa. Kwa miaka mingi viongozi wa Mkoa wa Kagera wamepambana na magendo ya kahawa inayovushwa kwenda Uganda, na Kyerwa na Karagwe ndizo njia zake kubwa. Mtumbwi wa magendo hauvuki mchana, huvuka usiku. Hauwashi taa, kwa kuwa taa ni shahidi. Haupakiwi kwa kiasi, kwa kuwa kila safari ni hatari, na mwenye mali hutaka safari moja ifanye kazi ya mbili. Haupiti penye kivuko cha kawaida, hupita palipojificha, na hapo ndipo kiboko alipo. Ukizama, aliyenusurika hapigi yowe la kuomba msaada kwa kuhofia polisi. Tazama basi: jambo lililoanza kama kosa la jinai limeishia kuwa ajali ya majini. Ofisa anayejua sheria peke yake atamkamata mtu huyo. Anayejua uokoaji peke yake atamwopoa. Anayehitajika Murongo ni yule ajuaye yote mawili.

Wala doria haitoshi. Mkulima wa huku ameteseka kwa desturi iitwayo butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko hospitali. Bei ya ng'ambo inapopanda kupita ya nyumbani, magendo hayakosi wapagazi. Katika miaka ya karibuni kahawa imeanza kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, na mkulima anayelipwa vizuri na kwa wakati hana haja ya kukesha mtoni. Bei nzuri nyumbani ni doria isiyolala.

DARASA LA WALINZI

Je, masomo hayo hufundishwa wapi? Mwaka 1983 Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo ni chombo cha Umoja wa Mataifa, lilianzisha Chuo Kikuu cha Bahari katika mji wa Malmö nchini Sweden. Shabaha yake hasa ilikuwa kuzisaidia nchi zinazoendelea kupata wataalamu wao wenyewe, badala ya kuazima wa wengine kila meli inapozama. Shahada ya uzamili huko huchukua miezi 14, na Watanzania ni miongoni mwa waliohitimu. Japan nayo mwaka 2015 ilianzisha masomo ya uzamili kwa maofisa walinzi wa pwani wa nchi za Asia, ambao husoma sehemu Tokyo na sehemu katika chuo cha walinzi wa pwani kilichoko Kure.

Hapa nyumbani, Chuo cha Bahari Dar es Salaam huwafunza mabaharia na wahandisi wa meli. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, husimamia ukaguzi wa vyombo vya majini, vikiwemo vidogo. Polisi Wanamaji na Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi letu hushika doria, na Zanzibar kuna KMKM, kikosi kilichoundwa kuzuia magendo ambacho pia huokoa wanaozama. Jirani zetu wa Kenya waliunda kikosi chao cha walinzi wa pwani mwaka 2018, nacho hulinda hata maji ya Ziwa Victoria, ingawa jina lake ni la pwani.

Usidhani kuwa mwanafunzi wa masomo hayo hufundishwa kupiga mbizi. Hufundishwa kufikiri. Mtu akianguka majini, mkondo humvuta na upepo humsukuma, na mtumbwi uliopinduka hausukumwi sawasawa na mtu anayeelea. Kwa hiyo anayekwenda kutafuta pale mtu alipoangukia saa tatu zilizopita atapakuta patupu. Ofisa hupiga hesabu ya upepo na mkondo, hukisia mahali penye matumaini, kisha hupekua kwa mistari iliyopangwa bila kuruka mahali. Vilevile hujifunza kuchunguza ajali: si kutafuta wa kufungwa tu, bali kujua kilichosababisha ili kisirudie.

Sheria nyingi anazozisoma zimeandikwa baada ya vilio. Mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini mwaka 1914, miaka miwili baada ya meli ya Titanic kuzama. Kanuni za ulinzi wa meli na bandari zilianza kutumika Julai 2004, kufuatia mashambulio ya Marekani ya Septemba 2001.

KILIO CHETU WENYEWE

Nasi tuna vyetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa njia kuu ya Mkoa wa Kagera kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia mwisho wa safari. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini ilikuwa imejaza kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo hesabu ya waliokufa hutajwa kwa kukisia, mara nyingi kati ya 800 na 1,000. Chozi bila orodha halina idadi.

Mama wa Karagwe angeweza kulieleza vizuri mojawapo ya masomo yahusuyo meli. Ndoo iliyojaa pomoni hutulia kichwani. Iliyojaa nusu hucheza, na ukiyumba kidogo maji yote hukimbilia upande ule ule na kukuvuta. Matangi ya meli nayo huwa hivyo. Meli yenye maji yanayocheza tumboni, mzigo uliopakiwa juu na abiria wanaokimbilia upande mmoja huweza kupinduka hata ziwa likiwa limetulia.

Jambo la pili ni chungu zaidi. MV Bukoba ilipogeuka chini juu haikuzama mara moja. Ilielea kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, na ndani yake walikuwamo watu hai waliosikika wakigonga. Waokoaji, kwa huruma na haraka, walitoboa chuma. Hewa ikatoka, meli ikazama. Hawakukosa moyo. Kilichokosekana kilikuwa elimu, vifaa, na mtu mwenye mamlaka ya kusema: ngojeni. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Kilikuwa na uwezo wa kubeba 101. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai, aliyejikinga mahali palipobaki hewa. Hewa ile ile! Mara hii iliachwa ifanye kazi yake.

MWENYE KASIA NA MWENYE SHAHADA

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 waliokolewa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima kwa kuutumia ukasia wake kusaidia kufungua mlango wa ndege. Serikali ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apewe mafunzo.

Uamuzi huo una funzo pana. Popote pale, anayefika kwanza ni aliye karibu: mvuvi, mvushaji, mchotaji maji. Mwenye shahada hufika wa pili, akijitahidi sana. Kwa hiyo kipimo cha msomi wa usalama wa majini si cheti kilichotundikwa ukutani, bali ni kile alichokifikisha kwa aliye karibu kabla ya siku ya ajali. Akirudi kutoka Malmö akaishia kwenye semina za hotelini, Kyerwa haitakuwa imefaidika kitu. Akifika kingo za Kagera akasema kwa Kiswahili chepesi, na ikibidi kwa msaada wa mkalimani wa Kinyambo, maisha yataokolewa.

Maneno yenyewe si mengi. Usivuke usiku bila taa. Mtumbwi ukipinduka, ushikilie, usiuache ukaogelee. Mara nyingi mti huelea hata ukijaa maji. Andika majina ya unaowavusha na uyaache nchi kavu. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Na pasipo na jaketi, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara lina nguvu ya kumwelesha mtu, maana maji hulisukuma juu kwa nguvu ya takriban kilo 19. Dumu si badala ya jaketi, lakini ni bora kuliko mikono mitupu, na kila nyumba inalo.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa nahodha wa meli ya mizigo, Kagera ni kijito. Kwa mwenye mtumbwi wa watu sita, huo ni Bahari ya Hindi, nao unastahili kanuni, mkaguzi na mwokoaji.

Nawe mzazi wa Kayanga, Nkwenda au Murongo, na wewe uliyehamia mjini ukaacha wazee huko, usimcheke binti yako akisema anataka kusomea mambo ya bahari ilhali amezaliwa milimani. Mwambie ashike hisabati na fizikia, kwani huo ndio mlango wa chuo cha mabaharia, na uzamili utafuata baada ya miaka ya kazi. Hajazaliwa mbali na maji. Mto unaopita chini ya shamba la babu yake unakwenda Ziwa Victoria, ambako makisio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji kila mwaka.

Kwa muda mrefu Kagera umeshusha ziwani mambo ya kuhuzunisha. Ni haki sasa vijiji vya kando yake vishushe pia wakaguzi, mahodha na waokoaji wenye elimu. Na wewe, kesho ukipanda kivuko, tazama yako wapi majaketi, hesabu watu kwa macho, na ukiona wamezidi, shuka. Kuchelewa kazini kuna maelezo yake.